Tukilaumiwa Bila Haki: Kisa cha Askofu Samuel Crowther

 

Leo twataka kuzungumza juu ya maumivu ambayo hayana dawa dukani. Ni maumivu ya kulaumiwa bila haki. Mwekahazina wa kanisa ametunza fedha za harambee ya mabati kwa uaminifu, hata nauli ya kwenda mjini ameitoa mfukoni mwake mwenyewe; kisha siku moja anasikia watu wakisema kwamba ng'ombe wake mpya amenunuliwa kwa fedha za mabati. Mjane amemzika mume wake, na kabla majani hayajaota juu ya kaburi, jamaa wananong'onezana kwamba ndiye aliyemwua. Kijana amefanya kazi dukani miaka mitatu bila kuchukua hata senti moja. Fedha zikipotea, wa kwanza kutazamwa ni yeye.

Aliyetenda kosa akilaumiwa, huinamisha kichwa, kwani ndani yake anajua. Lakini asiye na kosa husikia moto kifuani. Usiku halali. Hulala akitunga majibu, na kila jibu ni kali kuliko lililotangulia. Wengine hulipiza. Wengine huhama kanisa. Wengine hufunga mdomo, lakini moyo hauachi kupiga kelele.

Katika sura ya pili ya Waraka wake wa Kwanza, Mtume Petro anasema kwamba mtu akipigwa kwa kosa lake akavumilia, hakuna sifa katika hilo. Bali akitenda mema akateswa, naye akastahimili, jambo hilo ni neema mbele za Mungu. Kisha anatuonyesha Kristo, ambaye alitukanwa asirudishe tukano, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Maneno hayo ni mepesi kuyasoma na mazito kuyatenda. Tena Petro aliwaandikia kwanza watumishi wa nyumbani, watu waliopigwa na mabwana zao. Basi leo tumeona vema tuyatazame maneno hayo katika maisha ya mtu mmoja aliyeujua utumwa kwa mwili wake mwenyewe.

Mtu huyo ni Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Alizaliwa mnamo mwaka wa 1807 hivi, katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Jina alilopewa na wazazi wake ni Ajayi. Mwaka wa 1821 wavamizi waliuangamiza mji wake, wakamchukua mateka pamoja na mama yake na ndugu zake. Aliuzwa mara kadhaa, kutoka mkono hata mkono, mpaka akafika pwani ya Lagos, na huko Wareno wakamnunua wakamtia ndani ya merikebu ya watumwa. Mwezi wa Aprili 1822 manowari ya Kiingereza iitwayo Myrmidon iliikamata merikebu ile, na watumwa wakapelekwa Freetown, katika nchi ya Sierra Leone, wakaachwa huru.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kuelezwa sana habari za namna hii. Karibu na Mombasa iko Frere Town, ambapo tangu mwaka wa 1875 wamisionari wa Church Missionary Society, yaani CMS, waliwapokea watumwa waliookolewa katika majahazi ya Bahari ya Hindi. Kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Waliolelewa Freetown upande wa magharibi na waliolelewa Frere Town upande wa mashariki ni ndugu wa msiba mmoja, na chama kilichowafundisha Injili ni kimoja. Ndicho kilichomleta Krapf Mombasa mwaka wa 1844. Kwa hiyo tukizungumza juu ya Crowther, twazungumza juu ya mtu wa nyumbani.

Huko Freetown Ajayi alijifunza kusoma, akabatizwa mwaka wa 1825, akaitwa Samuel Crowther. Mwaka wa 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo cha Fourah Bay. Mwaka wa 1843 alipewa daraja la uchungaji mjini London, kisha akarudi kwao kuhubiri. Mwaka wa 1846, katika mji wa Abeokuta, Mungu alimrudishia mama yake, baada ya miaka 25 ya kutoonana. Mama yule, aliyekuwa amenyang'anywa mtoto, alibatizwa mwaka wa 1848 akaitwa Hana. Crowther alifanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia katika lugha ya Kiyoruba, lugha ya mama yake. Na mwaka wa 1857 akaanzisha Misheni ya Niger, kazi ambayo watenda kazi wake wote walikuwa Waafrika, wengi wao watoto wa watumwa waliowekwa huru Sierra Leone.

Tarehe 29 Juni 1864, katika Kanisa Kuu la Canterbury huko Uingereza, yule kijana aliyeuzwa mara kadhaa aliwekwa wakfu kuwa askofu. Aliyemsukuma akubali kazi hiyo ni Henry Venn, katibu wa CMS, mzee aliyeamini kwamba Kanisa la Afrika lazima liongozwe na Waafrika, lijitegemee kwa fedha, na kuieneza Injili lenyewe.

Lakini, wapendwa, lawama haikungoja afanye kazi kwanza. Tangu mwaka wa 1851, mmisionari mmoja wa Abeokuta, Henry Townsend, alikuwa amekwisha kupinga wazo la kumweka askofu Mwafrika. Alidai kwamba watu hawatamheshimu askofu mweusi. Kwa sababu ya upinzani wa namna hiyo, Crowther alipowekwa kuwa askofu, hakupewa Abeokuta, mji ambao yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioufikishia Injili. Alipewa nchi zilizo nje ya mipaka ya utawala wa Waingereza. Angaliweza kukaa kitako akalilia kile alichonyimwa. Yeye alipanda chombo akaenda Niger, akafungua shule na makanisa katika Onitsha, Lokoja, Bonny na Brass.

Venn alifariki mwaka wa 1873, na huko London wakaja viongozi wengine wasiokuwa na imani kama yake. Polepole mambo yakabadilika. Meli ya misheni ililetwa mtoni, nayo ikaitwa Henry Venn, jina la yule rafiki yake mzee. Lakini mwaka wa 1879 meli hiyo na shughuli za fedha na mali ziliwekwa chini ya Mzungu ambaye hata hakuwa mchungaji. Mwaka wa 1880 iliandikwa taarifa ya kuwashutumu wafanyakazi wake, nayo ikapelekwa London bila yeye kushauriwa. Mwaka wa 1881 aliitwa kisiwani Madeira kuzungumza na wakuu wa CMS juu ya mambo ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyasoma.

Twaomba tuseme kweli yote, kwa maana hadithi ya nusu si hadithi. Walikuwako wafanyakazi wa Misheni ya Niger walioanguka kweli kweli. Walikuwako waliofanya biashara kuliko kuhubiri, na walikuwako waliotenda mambo mabaya zaidi ya hayo. Crowther hakuukana ukweli huo. Nchi yake ilikuwa kubwa, watenda kazi wake walikuwa wachache, na yeye alikuwa na tabia ya mzazi: alipenda kumwonya mtu na kumpa nafasi ya kutubu kuliko kumfukuza. Waweza kusema alikuwa mpole mno. Lakini upole si wizi, na kosa la mmoja si kosa la wote. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza; ni methali nzuri ya kututahadharisha na marafiki wabaya, lakini ni sheria mbaya mno ya kuhukumia watu.

Ndivyo walivyohukumiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuja Niger vijana wa Kiingereza waliosoma, wenye bidii na wenye kupenda utakatifu. Twawataja si kwa chuki, kwa kuwa ni ndugu zetu katika Bwana: J. A. Robinson, Graham Wilmot Brooke aliyekuwa na miaka kama 25, F. N. Eden aliyekuwa katibu, na Henry Dobinson. Hawakuwa walevi wala wezi. Walisali sana. Lakini mtu aweza kusali sana na bado asiwe na huruma. Kwao, Mkristo asiye kama wao hakuwa Mkristo. Tena ilikuwa miaka ile ambayo mataifa ya Ulaya yaligawana Afrika, na wazo la kwamba Mwafrika hawezi kuongoza lilikuwa katika hewa waliyoivuta.

Mwezi wa Agosti 1890 halmashauri ya fedha ya misheni ilikutana Onitsha. Hebu jaribu kuuona mkutano ule. Huyu hapa askofu mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, askofu kwa muda wa miaka 26. Pembeni yake mwanawe Dandeson, naye mchungaji. Mbele yao vijana ambao umri wao wangaliweza kuwa wajukuu zake. Wachungaji wa Kiafrika wakatajwa mmoja mmoja, na karibu kila mmoja akashutumiwa. Na askofu mwenyewe akaonyeshwa kuwa dhaifu, asiyeweza kuwatawala watu wake. Kisha katibu akatangaza kwamba baadhi ya wachungaji wamesimamishwa kazi. Hata mwana wa askofu alikuwa miongoni mwao.

Wapendwa, hapo ndipo tulipotaka kufika. Mzee yule alifanya nini?

Kwanza, alisema. Aliomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba Askofu anashangaa kusikia katibu akidai ana mamlaka ya kumsimamisha mchungaji. Hayo tu. Hakutukana. Hakuwakumbusha vijana wale kwamba alikuwa akihubiri kabla hawajazaliwa. Hakusimulia minyororo yake. Aligusa mahali palepale palipokuwa na kosa: kwamba mchungaji hupewa daraja na askofu, na katibu wa halmashauri hana haki ya kumwondoa kama mtu anayemwondoa kibarua shambani. Angalieni pia kwamba hakusimama kulitetea jina lake. Alisimama kwa ajili ya wale waliokuwa chini yake, ambao hawakuwa na mwingine wa kuwasemea.

Pili, alijiuzulu katika halmashauri ile. Hakukubali kuendelea kuketi na kutia sahihi yake katika hukumu asiyoiamini. Kuna wakati Mkristo hana budi kuondoka mezani. Lakini tazama alivyoondoka: aliiacha halmashauri, hakuliacha Kanisa.

Jambo hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Habari za Onitsha zilipofika Lagos na Sierra Leone, Wakristo Waafrika walikasirika sana. Magazeti yaliandika. Mikutano ilifanywa. Wengi walikuwa tayari kujitenga na wamisionari kabisa, na mwezi wa Agosti 1891 Wakristo kadhaa wa Lagos wakaanzisha kanisa lao wenyewe. Hatuwahukumu ndugu hao. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini fikirini: Crowther alikuwa na jina ambalo lingetosha kuligawa Kanisa vipande viwili. Alikuwa na sababu, alikuwa na watu, na alikuwa na hasira ya haki nyuma yake. Neno moja lake lingetosha.

Neno hilo hakulisema. Badala yake alikaa na Wakristo wa Delta ya Niger, watu wa Bonny na Brass, wakafanya mpango kwamba makanisa yale yajitegemee kwa fedha yao yenyewe, yaiendeshe kazi yao bila halmashauri ya wamisionari, lakini yabaki ndani ya Kanisa la Anglikana. Kwa maneno mengine, aliijibu lawama kwa kazi. Walisema Mwafrika hawezi kuongoza. Yeye akapanga kanisa la Waafrika litakalojiongoza. Mpango huo ulianza kutekelezwa mwaka wa 1892. Yeye hakuuona. Katika mwaka wa 1891 alipatwa na kiharusi, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akafariki Lagos.

Tungependa kuwaambia kwamba kabla ya kufa aliitwa akaombwa msamaha, na kila mtu akaona kwamba alikuwa na haki. Haikuwa hivyo. Alikufa lawama ikiwa juu yake, na aliyewekwa baada yake kuwa askofu alikuwa Mzungu. Waafrika wawili waliowekwa wakfu mwaka wa 1893 walipewa kazi ya kumsaidia tu. Hapa ndipo imani yetu inapojaribiwa. Sisi sote hupenda hadithi ambayo mwenye haki anashangiliwa mwishoni. Lakini Petro hakusema kwamba Kristo alijikabidhi kwa watu watakaobadili mawazo yao baadaye. Alisema alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Mwenye kungoja wanadamu wamtakase jina, huenda akangoja mpaka kaburini. Mwenye kumkabidhi Mungu jina lake aweza kulala usingizi usiku huuhuu.

Basi twajifunza nini, sisi tunaolaumiwa katika halmashauri za parokia, katika vyama vya ushirika, katika shule na katika jamaa zetu?

Twajifunza kwanza kuipima lawama kabla ya kuikataa. Crowther alijua kwamba ndani ya gunia lile la uongo kulikuwa na punje chache za kweli. Ndugu mwekahazina, wakisema umekula fedha, usianze kwa kupiga kelele. Leta vitabu. Leta risiti. Omba wazee wawili waaminifu wavikague, kisha hesabu isomwe mbele ya watu. Kama kuna kosa la hesabu, lirekebishe. Kama hakuna, vitabu vyako vitasema kwa sauti iliyo kubwa kuliko yako.

Twajifunza pili kwamba neema si kukosa ulimi. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza aliyempiga: ikiwa nimesema vibaya, onyesha ubaya huo, ikiwa nimesema vema, wanipigia nini? Hilo twalisoma katika sura ya 18 ya Injili ya Yohana. Naye Paulo, alipofungwa bila hukumu kule Filipi, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Alitaka waliomfunga waje wenyewe. Kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba Mkristo mwema ni yule asiyesema kitu. Ukiona mjane anasingiziwa ili anyang'anywe shamba la watoto wake, kunyamaza kwako si neema. Ni woga uliovaa kanzu. Mpeleke kwa chifu, msindikize mahakamani, simama kando yake kanisani. Kipimo ni hiki: nasema kwa ajili ya nani? Crowther alisema kwa ajili ya wachungaji wake, kisha jina lake mwenyewe akamwachia Mungu.

Na hapa yafaa tuseme neno kwa wenye vyeo, nasi wachungaji tukiwa wa kwanza kusikia. Neema ni zawadi ya aliyeumizwa. Haiwezi kudaiwa na aliyemwumiza. Ni jambo la aibu mtu kumsingizia mwenzake, kisha kumwambia, wewe ni Mkristo, basi samehe na kunyamaza. Wale vijana wa Onitsha hawakuwa na haki ya kumhubiria Crowther uvumilivu. Wao walihitaji kuhubiriwa toba. Tukiketi katika halmashauri na jina la mtu likatajwa, na mtu huyo hayupo, tuulize kwanza: ameitwa? Amesikilizwa? Ameonyeshwa lililoandikwa juu yake? Uonevu wa mwaka wa 1880 ulianza na karatasi iliyosafiri bila mwenyewe kuulizwa.

Twajifunza tatu kwamba asiyelipiza kisasi huacha mlango wazi. Kumbukeni tulimtaja Henry Dobinson, mmoja wa vijana wale. Robinson alifariki mwaka wa 1891, na Brooke mwaka wa 1892, wote wawili wakiwa kule kule kazini Niger. Tusiseme ilikuwa adhabu ya Mungu. Walikufa wakiwa vijana kama wamisionari wengi wa siku zile, na Bwana ndiye mwamuzi wao. Lakini Dobinson alibaki Niger. Akakaa na watu, akajifunza lugha, akaona jinsi kazi ilivyo ngumu, na macho yake yakafumbuka. Akajutia hukumu zilizotolewa mwaka wa 1890, akatafuta kupatana na Waafrika waliokuwa wameumizwa, mpaka alipofariki mwaka wa 1897. Hebu tuulize: kama mzee Crowther angaliwalaani vijana wale mbele ya watu wote, kama angalilivunja Kanisa vipande viwili, je, Dobinson angalirudi wapi? Kanisa alilotaka kupatana nalo lilikuwako kwa sababu mzee hakulivunja. Shimei alimtupia Daudi mawe na matusi njiani, na Daudi akakataza asiuawe. Baadaye Shimei yuleyule alikuja akaanguka miguuni pake. Mtu aliyekufa hawezi kutubu, na mtu uliyemwaibisha kabisa huona vigumu kurudi.

Gharama ya lawama ile, wapendwa, ilikuwa kubwa. Si Crowther peke yake aliyeilipa. Kwa miaka mingi baada yake, kila ilipotajwa habari ya kumweka Mwafrika awe askofu mwenye dayosisi yake, watu waliitazama Niger wakatikisa kichwa. Hapa kwetu tulingoja pia. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, wale waliotoka utumwani, lakini maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kanisa letu katika Kenya, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliwekwa wakfu mwaka wa 1955, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Uganda. Tangu 1864 mpaka 1955 ni miaka 91. Uongo mmoja uliosemwa katika halmashauri waweza kuwazuia watu ambao bado hawajazaliwa. Kwa sababu hiyo ulimi ni jambo la kuogopwa.

Lakini kweli haiozi. Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 tangu siku ile ya 1864, Wakristo walikusanyika katika Kanisa Kuu lilelile la Canterbury kumshukuru Mungu kwa ajili ya Samuel Ajayi Crowther. Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, alisema mbele ya wote kwamba Kanisa la Uingereza lapaswa kuomba msamaha, kwa kuwa askofu aliyewekwa wakfu kwa haki alisalitiwa na kudhoofishwa, na kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Miaka 124 ilikuwa imepita tangu Onitsha. Aliyeombwa msamaha alikuwa kaburini, na waliokosa walikuwa makaburini. Hata hivyo Kanisa lilipiga magoti. Na Kanisa la Nigeria, ambalo mzee yule alikataa kulivunja, leo lina mamilioni ya waumini.

Ndugu yangu, dada yangu, huenda leo unasikiliza haya na jina lako limechafuliwa. Huenda lawama yako itaondolewa wiki ijayo, huenda ikakaa mpaka wajukuu wako. Hatuwezi kukuahidi ni lini. Twaweza kukuambia tu yupo Mmoja aliyeziona risiti zako, aliyekuwako siku mume wako alipougua, anayejua ni nani aliyefungua droo ya duka. Yeye hakukosea hesabu hata mara moja. Fanya kazi yako ya kesho asubuhi kama mtu ambaye kesi yake iko mikononi mwa hakimu mwema.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyehukumiwa bila kosa, uwatazame wote wanaobeba lawama isiyo yao. Uwape ulimi wa kuwatetea wanyonge, na moyo usiotaka kisasi. Utusamehe sisi tuliowahukumu wengine bila kuwasikia. Utupe ujasiri wa kwenda kwao kabla hawajafika kaburini. Ulilinde Kanisa lako lisivunjike kwa maneno yetu. Twaomba hayo katika jina lako. Amina.